Sarafu Imeingia, Gemu Haianzi

Mwaka 1972 simu ilipigwa kutoka baa ya Andy Capp's Tavern, mjini Sunnyvale, California, kwenda kampuni changa iliyoitwa Atari. Mashine mliyotuletea kwa majaribio imekufa, njooni muitazame. Aliyekwenda ni Al Alcorn, mhandisi aliyeiunda kwa mikono yake mwenyewe. Gemu ilikuwa Pong: mpira wa meza uliochorwa kwa vistari vyeupe na kitone kimoja kwenye runinga ya kawaida. Alcorn alifungua mlango wa sarafu, akakuta chombo cha kupokelea kimejaa mpaka sarafu zimefurika na kuziba njia. Bodi salama, kioo salama. Mashine ilikuwa imekufa kwa kushiba.

Wanaoandika historia ya biashara hukitumia kisa hiki kuonyesha jinsi Pong ilivyopendwa. Fundi akikisikia hunasa jambo jingine. Mtu aliyeijua mashine ile kuliko yeyote duniani aliumaliza ubovu wake kwenye tundu la sarafu, pale pale mteja anapoanzia, na pasi ya risasi haikuwashwa.

Mashine za gemu za sarafu zilizotengenezwa miaka ya 1970, 1980 na 1990 bado zinafanya kazi. Ziko Funspot huko Laconia, New Hampshire, ziko Galloping Ghost mjini Brookfield, Illinois, na huko Tokyo, mtaa wa Takadanobaba, watu bado wanajipanga mbele yake katika ukumbi wa Mikado. Hakuna hata moja kati yake iliyoundwa ili idumu hivyo. Mwenye ukumbi aliinunua aivune mwaka mmoja au miwili, kisha alete nyingine. Zimefika leo kwa sababu kuna watu wanaozifungua, wanazipima na kuzifufua. Swali linalonishughulisha ni hili: kwa nini mashine ya mwaka 1981 inaweza kuamka kwa kazi ya nusu saa, na nyingine ya 1993, mdogo wake kabisa, iliwekwa kando miaka mingi kwa kuwa hakuna fundi aliyeweza kuisaidia? Ninavyoona, yanayoamua ni mambo mawili: fundi anautafuta ubovu kwa mpangilio gani, na mtengenezaji alimwachia nini cha kumwongoza.

Nasema haya nikiwa mtu aliyejifunza kushika pasi ya risasi kwenye kibanda cha fundi redio huko Tanga, enzi za runinga za chogo. Mzee aliyenifundisha alikuwa na mazungumzo yake yasiyobadilika.

"Kijana, umepima?"

"Bado, mzee."

"Sasa hicho unachokibadilisha umekijuaje?"

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba katika maswali hayo mawili kulikuwa na kazi nzima.

Tuanzie kwenye sarafu basi, kama Alcorn. Shika robo dola ya Marekani: upana milimita 24.26, uzito gramu 5.67. Nyuma ya mlango wa mashine kuna kifaa cha chuma kinachoenea kiganjani, kisichotumia umeme hata chembe, na kazi yake ni kuamua kama hii ni pesa au ni kipande cha bati. Sarafu pana mno haipiti tundu. Ikipita, huangukia kwenye kibembea kidogo kilicho mizani. Iliyo nyembamba hudondoka chini moja kwa moja na kurudishwa. Iliyo nyepesi haina nguvu ya kukigeuza kibembea, inabaki imekaa. Iliyo sawa hukigeuza, ikateleza mbele ya sumaku. Kipande cha chuma hunaswa hapo. Cha shaba tupu hakinaswi, lakini kikipita mbele ya sumaku mkondo wa umeme huzaliwa ndani yake na kukivuta nyuma, mwendo ukapungua, kikaanguka karibu na kurudi kwa mwenyewe. Robo dola halali hutoka kwa kasi inayostahili, ikavuka kizuizi, ikashuka upande wa pesa. Njiani hugusa waya mwembamba wa swichi. Waya ukizama na kuinuka, bodi inahesabu sarafu moja.

Naipenda sana sehemu hii, na nasikitika inavyodharauliwa. Fundi mgeni akiona sarafu zinakwama humimina mafuta. Siku ya kwanza zinateleza vizuri, siku ya kumi vumbi limeshikamana na mafuta na kuwa tope, na sasa hata sarafu halali inapita taratibu kama ya shaba, inarudishwa. Kifaa kile kinataka kufunguliwa, kuoshwa kwa maji ya sabuni, kukaushwa na kurudishwa kikavu. Ubovu mwingine ni wa ule waya wa swichi. Ukipinda ukabaki umezama, bodi inaona sarafu moja ndefu isiyokwisha kupita, na gemu nyingi hulichukulia jambo hilo kama ujanja wa mtu aliyefunga sarafu kwenye uzi. Zinakataa kuhesabu.

Njia ya kujua ni rahisi mno. Fungua mlango, bonyeza waya ule kwa kidole. Mashine ikihesabu, basi bodi, nyaya na swichi vyote viko salama na ubovu uko kwenye kifaa cha kupimia sarafu. Isipohesabu, kiache kifaa hicho, fuata nyaya kuelekea ndani. Kidole kimoja kimeigawa mashine nzima nusu mbili, na nusu moja imeshaondoka kwenye mashaka. Kila hatua ya ufundi huu, hata ile inayohitaji osiloskopu, ni kutafuta mahali pengine pa kuweka kidole namna hiyo.

Mashine za siku hizi zinazotoka China, zikiwemo za kamari zilizozagaa mitaani kwetu, zina kifaa kingine: sarafu ya mfano hukaa ndani kati ya koili, na kila inayoingia hulinganishwa nayo kwa umeme. Ikianza kukataa sarafu halali, mara nyingi dawa ni kuweka sarafu ya mfano iliyo safi na ya toleo lile lile linalotumika mtaani. Hakuna zaidi.

Nyuma ya sarafu kuna umeme, na hapa ndipo mashine nyingi huuawa na watu waliokuja kuziponya.

Anza na fyuzi ya kioo. Ichomoe uitazame mbele ya mwanga. Kama waya wake umekatika katikati na kioo ni kisafi, huenda imechoka tu kwa umri. Kama kioo kimefuka weusi au kimepata rangi ya fedha kama kioo cha kujitazamia, waya haukukatika, ulilipuka: kuna shoti mahali fulani. Kuweka fyuzi mpya kabla ya kuitafuta shoti ni kuichoma bure. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ili isiungue ni kuhamisha moto kwenda kwenye transfoma au kwenye mbao za kabati. Kuna watu hufanya hivyo, na wengine hufunga karatasi ya sigara. Nimekuta zote mbili.

Kisha pima volti 5. Chipu za kizazi kile zinataka kati ya 4.75 na 5.25, na hazina msamaha. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni wapi pa kupima. Mahali pake ni juu ya bodi, kwenye miguu ya chipu iliyo mbali zaidi na mlango wa umeme. Ukipimia kwenye kisanduku cha umeme kilichoko chini ya kabati utasoma namba nzuri ambayo bodi haijawahi kuiona.

Mashine ya kwanza ya aina hii niliyoifungua mimi ilikuwa katika ukumbi wa watoto wa hoteli moja pwani ya Mombasa. Ilikuwa mtumba kutoka Japani, imewekewa transfoma ya kushushia umeme kwa sababu inataka volti 100 na ukutani kwetu kuna 240. Ilikuwa inacheza vizuri dakika kumi, ikishapata joto inaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Mafundi wawili walishapita. Walibadilisha chipu kadhaa, wakaandika kwamba bodi imekufa, inunuliwe nyingine. Nikapima kwenye kisanduku cha umeme: 5.4. Nikapima juu ya bodi: 4.6. Kati ya pointi hizo mbili hamna kitu ila nyaya na soketi.

Soketi ile ni ya mpangilio ambao chama cha watengenezaji wa mashine za burudani cha Japani, JAMMA, kiliuweka katikati ya miaka ya 1980 ili bodi ya kampuni yoyote ichomekwe kwenye kabati lolote. Ina viguso 56, na kati ya hivyo vinne ndivyo vinavyobeba volti 5. Nilipoichomoa nikaona viwili kati ya vinne vimekuwa kahawia, plastiki pembeni yake imekunjamana kama ngozi iliyoungua. Hadithi yote ilikuwa imeandikwa hapo. Kiguso kililegea, kikapata ukinzani, ukinzani ukaleta joto, joto likakiharibu zaidi, volti zikashuka. Mtu akaona gemu inayumba, akazungusha kirekebishi cha umeme juu kidogo, joto likaongezeka. Gemu ikatulia wiki moja. Akazungusha tena.

Atari walikumbana na jambo la jinsi hii hii kabla, tena kwenye mashine walizozibuni kwa uangalifu. Bodi yao ya kudhibiti umeme ilikuwa na nyaya za ziada za kupeleleza volti zilizofika kwenye bodi ya gemu, ili zikipungua iongeze. Wazo zuri. Ila miaka ilipopita na soketi zikachakaa, kidhibiti kikawa kinaongeza na kuongeza kufidia soketi mbovu, mpaka soketi zikaungua. Kifaa kilichokusudiwa kuficha upungufu kiliuficha hata kwa fundi.

Ile mashine ya hoteli ilihitaji soketi mpya na kirekebishi kirudishwe chini. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya chipu zilizobadilishwa bure.

Baada ya umeme kuna kioo. Hapa fundi wa runinga wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi hana ugeni, kwa kuwa kioo cha mashine za miaka hiyo ni chogo lile lile lililokuwa sebuleni, bila kipokea mawimbi. Tofauti moja ni ya hatari: vioo vingi vya mashine hizi havina transfoma yake ya kuvitenganisha na umeme wa ukutani, vinategemea ile iliyomo ndani ya kabati. Ukivitoa na kuviwasha mezani moja kwa moja, chesisi nzima inakuwa na umeme wa kuua. Na ubavuni mwa chogo, chini ya kikombe cha mpira, kwenye kioo cha rangi cha inchi 19, zipo volti zaidi ya 20,000 zinazoweza kubaki hata mashine ikishazimwa. Zinamwagwa kwanza kwa bisibisi iliyofungwa waya kwenda kwenye chesisi, mkono mmoja ukiwa mfukoni, na asiyefundishwa na mtu aliyeko pale pale asijaribu kwa kusoma makala.

Kioo husema ubovu wake waziwazi kwa anayekijua. Mstari mmoja mwembamba wa kulala katikati ya giza: sehemu ya kutanua picha juu na chini imekufa. Picha imejikunja juu au inatetemeka pembeni: kapasita zimekauka, badilisha zote kwa pamoja wala usichague. Giza tupu ndilo gumu, maana linaweza kuwa la kioo na linaweza kuwa la bodi. Tazama shingo ya chogo kama kuna mwanga wa rangi ya chungwa; sogeza nywele za mkono karibu na kioo uone kama zinasimama. Vyote vikiwepo, pandisha kidogo kirekebishi cha mwangaza kilicho kwenye flaibaki, ile transfoma ya volti kubwa. Kioo kikijaa weupe hafifu wenye mistari, kiko hai na kinasubiri picha ambayo bodi haileti.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha rangi. Tuseme nyekundu haionekani. Bodi haiitoi au kioo hakiionyeshi? Chukua waya wa nyekundu uuchomeke mahali pa kijani, na wa kijani mahali pa nyekundu. Sasa tazama rangi gani imepotea kwenye kioo. Ikiwa ni nyekundu ile ile, kioo ndicho kibovu, na huenda ni ufa wa risasi kwenye kibodi cha shingoni. Ikiwa sasa imepotea kijani, waya ule umebeba utupu wake kutoka kwenye bodi. Hukununua kitu, hukuyeyusha risasi, na jibu ni la uhakika.

Vijiti na vitufe nitavipitia kwa haraka. Mashine za zamani zina swichi za vibati viwili vinavyogusana, vingi vikiwa vimepakwa dhahabu, na dhahabu husafishwa kwa kupitisha kadi ngumu katikati yake. Msasa unaimaliza. Mpira mkubwa wa kuviringisha wa Missile Command na Centipede hukwama kwa uchafu wa viganja vya watu uliozunguka mihimili yake. Osha, weka beringi mpya.

Sasa bodi. Watu wengi huiogopa, na wana sababu. Pong haikuwa na prosesa wala programu. Kila kitu ndani yake, kuanzia mpira hadi hesabu ya magoli, kilikuwa chipu za kawaida zilizounganishwa kwa njia za shaba, na aliyekuwa na mchoro wa saketi aliweza kufuata ishara kutoka chipu moja hadi nyingine kama mtu anayefuata mfereji akitafuta pale maji yalipokatika. Mwaka 1975 kampuni ya Midway iliingiza prosesa ya Intel 8080 kwenye Gun Fight, na prosesa hiyo hiyo ikaendesha Space Invaders ya Taito mwaka 1978. Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Mfereji haukuwa tena na mwelekeo mmoja. Prosesa inasoma programu, programu inaandika kwenye kumbukumbu, kumbukumbu inachora picha, na kosa la uzi mmoja kati ya nane linavuruga vyote kwa wakati mmoja. Unachokiona kwenye kioo ni takataka za rangi, na takataka hizo hazikuambii zilianzia wapi. Zaidi ya hayo kuna saketi ya mlinzi: programu isipompa ishara kila baada ya muda mfupi, huizima na kuianza upya, kwa hiyo bodi yenye kosa dogo inaweza kuonekana inajiwasha bila kukoma.

Hapa ndipo tofauti za watengenezaji zinapojitokeza. Williams wa Chicago, waliotoa Defender na Robotron, walijua mashine zao zitaharibika na walijua nani atakuwa amesimama mbele yake: fundi wa njiani mwenye multimita na dakika ishirini. Robotron ya 1982 ikiwashwa hujaza kioo picha ya rangi nyingi kama zulia, na wakati huo inajipima. Kumbukumbu yake ya picha ni chipu 24 zilizopangwa safu tatu za nane. Ikigundua moja mbovu, inaandika namba mbili: safu, na chipu ndani ya safu hiyo. Kioo kikiwa kimekufa, kuna kitaa kidogo cha namba kwenye bodi kinachoonyesha vivyo hivyo. Fundi asiyejua lolote kuhusu prosesa anahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, na kidole kinatua kwenye chipu yenyewe. Gemu za Atari nazo zilikuwa na swichi ya kujipima ndani ya mlango wa sarafu, na kampuni ilichapisha michoro kamili ya saketi ikaja na mashine. Nyingi ya michoro hiyo bado inasomwa leo, na ndiyo inayoziweka mashine zile hai.

Hata Williams, lakini, waliacha mitego. Chipu zile 24 zinataka volti za aina tatu, na umeme wa hasi 5 ukikosekana, zinaungua. Kwa hiyo anayebadilisha chipu bila kupima umeme kwanza anaweza kuziua mpya zote kwa kuwasha mara moja. Na walifunga betri tatu za kawaida juu ya bodi ili ikumbuke alama za juu za wachezaji. Betri zikasahauliwa. Zikavuja. Maji yake ya kijani yakatambaa kwenye njia za shaba na chini ya soketi, yakala taratibu kwa miaka. Neo Geo MVS ya SNK, iliyotoka 1990, ina ugonjwa huo huo kutoka kwenye betri iliyochomelewa kwenye bodi. Ukikuta mashine ya namna hii, hata kama inacheza vizuri, betri itoke leo. Alama za mtu aliyecheza mwaka 1984 si za kuua bodi.

Inafaa pia kutambua makosa yasiyo ya bodi kabisa. Pac-Man ya 1980 hushika namba ya hatua katika nafasi inayoishia 255. Mchezaji hodari akifika hatua ya 256, nusu ya kulia ya kioo hujaa herufi na vipande vya picha, na mchezo hauwezi kuendelea. Mwenye mashine akimwita fundi kwa hilo, fundi atakuwa anatafuta ugonjwa kwenye mwili ulio mzima.

Mwaka 1993 Capcom walileta mfumo wa CPS-2. Kampuni ilikuwa imeumizwa sana na wezi walionakili Street Fighter II na kuuza bodi bandia kila mahali, na hasira yao naielewa. Wakaisimba programu, na funguo za kuisimbua wakaziweka kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo ya volti 3.6. Betri ikiisha, funguo zinayeyuka. Bodi haina chipu iliyoungua, haina njia iliyokatika, volti ziko sawa, na kioo kinabaki tupu. Mafundi waliziita betri za kujiua. Ulichoiuliza mashine kwa multimita hakikuwa na jibu, maana ubovu haukuwa mahali panapopimika. Kwa muda mrefu mtu aliyeletewa bodi iliyokwisha kufa hivyo alikuwa na maneno ya pole tu.

Ulinzi ule uliwazuia wezi kwa miaka kadhaa Capcom walipokuwa wakiuza gemu hizo. Kwa wamiliki halali adhabu iliendelea, kila betri ilipofikia mwisho wake. Waliookoa bodi zile ni watu wa nje ya kampuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipatikana programu zilizokwisha kusimbuliwa ambazo zingeweza kuwekwa kwenye bodi iliyokufa, na mwaka 2016 watafiti wakaonyesha jinsi ya kuzirudisha funguo zenyewe, bodi ikarejea kama ilivyotoka kiwandani. Hilo lilichukua zaidi ya miaka 20. Nikiliweka pembeni ya Robotron na namba zake mbili, sioni kwamba teknolojia ya 1993 ilikuwa ngumu kuliko ya 1982 kiasi hicho. Naona mtengenezaji mmoja alimfikiria fundi na mwingine hakumfikiria.

Chipu za pekee zina mgogoro unaokaribiana. Galaga ya Namco ina prosesa tatu za Z80 zinazopatikana popote, na chipu nyingine zilizotengenezwa kwa ajili ya Namco peke yao. Ikifa mojawapo ya hizo, dukani haipo. Wapenzi wa gemu wameziiga kwa chipu za kisasa zinazopangwa upya, moja baada ya nyingine, kwa kusikiliza ishara zilizomo katika bodi nzima. Chipu ya Pokey ya Atari ina bahati zaidi: ilitumika pia kwenye kompyuta za nyumbani za kampuni hiyo, basi kompyuta mbovu inaweza kumtolea damu ndugu yake.

Msaada mkubwa ulitoka mahali ambapo mafundi hawakupategemea. Mwaka 1997 Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa MAME, programu ya kuendesha gemu hizi kwenye kompyuta ya kawaida. Ili ifanye kazi, ilibidi yaliyomo ndani ya kila chipu ya programu yasomwe, na mpangilio wa kumbukumbu wa kila bodi uandikwe. Wachezaji waliona njia ya kucheza bure, na masuala ya haki miliki hayajaisha mpaka leo. Mafundi waliona rejea. Chipu za programu za miaka ile hufutwa kwa mwanga mkali kupitia kidirisha cha kioo mgongoni mwake, na kibandiko kikidondoka, miaka ya jua inaweza kubadilisha herufi moja. Sasa fundi anaisoma chipu kwenye kompyuta, analinganisha na yaliyoandikwa kwenye MAME, na anajua kwa uhakika kama imepotoka.

Wapo wanaosema haya yote ni usumbufu: ng'oa bodi, ng'oa chogo, weka kompyuta ndogo na skrini bapa, watoto hawatajua. Katika ukumbi wa biashara siwezi kumlaumu anayefanya hivyo, vyogo havitengenezwi tena kama zamani na siku inakuja havitapatikana. Lakini aelewe anachokitupa. Bunduki za gemu ya Point Blank hutambua shabaha kwa kuuona mwanga unaochorwa mstari kwa mstari juu ya chogo. Mbele ya skrini bapa ni vipofu. Asteroids na Tempest hazikuchora kwa mistari ya runinga kabisa. Mwonzi ulitembezwa moja kwa moja kutoka nukta hadi nukta, na risasi ya Asteroids inang'aa kwa ukali ambao skrini bapa haijaweza kuutoa. Anayeng'oa basi aihifadhi bodi. Wengi huitupa jalalani wakidhani imekufa, na kwa niliyoyaona, nusu ya "zilizokufa" zina soketi chafu.

Kwenye ile mashine ya Mombasa, nilipomaliza kufunga soketi mpya nilipima tena juu ya bodi. Nikaiacha icheze saa mbili, nikapima mara ya tatu. Wakati wa kurudisha vitu ndani nikaona karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa sarafu, ya njano kwa uzee, imeandikwa kwa kalamu ya risasi kwa Kijapani. Sikuweza kusoma maneno. Chini yake kulikuwa na tarehe, na mbele ya tarehe kuna namba niliyoielewa mara moja: 5.05V. Mtu ambaye sitamjua alikuwa amesimama pale pale, amepima mahali sahihi, na kumwandikia atakayefuata. Nilichukua kalamu, nikaandika chini yake tarehe ya siku ile, "soketi mpya", na 5.02.